Daktari Kapime

"Mjomba, mbona wewe huwagusi wagonjwa wako?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na pengo la meno ya mbele, nimekaa juu ya kiti kirefu cha kuzunguka ndani ya maabara ya hospitali anakofanya kazi, miguu inaning'inia. Mama alikuwa na shughuli mji ule siku hiyo, akanikabidhi kwa mdogo wake. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia kwamba Mjomba ni daktari, kwa hiyo nilitegemea kuona watu wamelala kitandani na yeye amevaa kile kifaa cha masikioni, anawaambia watoe ulimi. Nilichokikuta ni friji, hadubini, beseni la kuoshea lenye madoa ya zambarau yasiyotoka, na dirisha dogo ukutani lililokatwa chini chini kama la kuuzia tiketi. Mkono wa mtu ulikuwa unaingia pale, unaacha kikopo kilichofunikwa, unatoka. Mkono mwingine, una bangili. Mwingine umevimba. Nyuso sikuziona. Waliotakiwa kutolewa damu walitolewa chumba cha mbele na mwenzake, dada mmoja mwenye kicheko kikubwa. Mjomba yeye alibaki huku nyuma akipokea vichupa.

"Kula biskuti yako," akanijibu, jicho liko kwenye hadubini. "Usimwage unga kwenye kazi za watu."

Nikala biskuti. Swali halikushuka nayo.

Mama husema mimi nilipozaliwa sikulia, niliuliza. Ndiyo sababu najua haya ninayoyaandika: mengine niliyaona, mengine nilimwuliza huyu na yule mpaka wakachoka na mimi. Mjomba ameniruhusu kuandika habari zake mradi nisitaje jina lake. Nikamwambia hapo hakuna shida, jina lake halijatumika mtaani kwetu tangu kabla sijazaliwa. Wote wanamwita Daktari.

Jina hilo halikuanza kwake. Lilianza kwa mama yake, yaani Bibi yangu.

Bibi anafuma masweta ya shule. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho karakana: mashine ya kufuma, ile ya kuvuta kwa mkono kulia na kushoto, inapiga kelele kama mtu anayefunga na kufungua zipu ya begi siku nzima, koni za uzi za rangi za shule zote za jirani, na benchi la wateja. Zamani mtaa ulimwita Mama Masweta. Hakulipenda. Alisema linamfanya aonekane kama amezaa nguo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake, kuna Kinyozi. Kinyozi wetu ana kiti kimoja cha kunyolea na, pembeni, kompyuta moja. Anamnyoa mtu huku anamwonyesha mwingine pa kubofya. Matokeo ya mitihani mtaa mzima unayaona kwake, shingo ikiwa imefungwa shuka au haijafungwa. Siku matokeo ya kidato cha mwisho ya Mjomba yalipotoka, Kinyozi aliyaona kabla ya mwenyewe. Akatoka barabarani na mashine ya kunyolea ikiwa bado inanguruma mkononi, mteja nyuma yake amenyolewa upande mmoja.

"Mama Daktari! We Mama Daktari! Toka nje uone mwanao alivyowafanya watoto wa watu!"

Bibi akatoka na uzi shingoni. Hakuuliza anayeitwa ni nani. Aliitika, "Abee!"

Hilo "abee" ndilo lililotugharimu. Kwetu sisi mtoto hapewi sifa mkononi, anapewa mama yake aivae. Mtoto akifeli hesabu mama haitwi Mama Sifuri, watu wana heshima zao. Lakini akifaulu, jina linamwahi mama kabla mtoto hajafika nyumbani. Na jina la mama halirudishwi dukani eti halijakutosha. Kufikia jioni Bibi alikuwa Mama Daktari kwa wauza mboga, kwa mwenye nyumba, kwa wazazi waliokuja kuchukua masweta. Kabla Mjomba hajachagua chuo, kabla hajachagua hata kozi, fundi wa rangi alishapanda ngazi juu ya mlango akaandika kwa herufi nyekundu: MAMA DAKTARI – MASWETA IMARA.

Halafu Mjomba akaenda kuchagua.

Mambo ya siku hiyo nimeyatoa kwa Kinyozi mwenyewe, na haikuwa rahisi. Kinyozi anajulikana kwa msemo wake: "Mimi nikisema ninayoyasikia kwenye kiti hiki, mtaa wote utahama." Alikaa kimya miaka yote hiyo, mpaka jambo lilipokuwa limeshamwagika na hapakuwa na cha kuficha.

Alisema Mjomba alikuja mchana, saa ambayo wateja hawapo. Akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyekaa mbele ya mwalimu mkuu. Kinyozi akafungua ukurasa, akapasha vidole moto, akasema, "Ya kwanza tunaweka udaktari, hilo halina mjadala. Ya pili je?"

"Usiweke udaktari," Mjomba akasema.

"Eh?"

"Weka sayansi ya maabara. Ile ya vipimo vya hospitali."

"Kijana, alama zako hizi ni za udaktari. Zinapiga kelele udaktari. Mwenye alama hizi akiandika maabara, kompyuta yenyewe itadhani nimelewa."

"Weka tu, kaka."

"Na ya pili?"

"Hiyo hiyo, chuo kingine."

Kinyozi akageuza kiti. Akamwuliza kwa nini. Mjomba akasema anaogopa damu.

"Mimi ni kinyozi, sijasoma," Kinyozi aliniambia, "lakini hata mimi nilijua pale pana uongo. Mtu anaogopa damu, anakimbilia wapi? Maabara! Ni kama mtu anaogopa maji akaomba kazi kisimani. Nikamwambia hivyo. Hakucheka. Alikuwa anatazama bango la mama yake kupitia mlango wangu, ile rangi bado mbichi, na machozi yamemjaa. Nikaona nisimwongezee. Nikabofya."

Alivuka barabara akarudi nyumbani. Bibi alikuwa kwenye mashine.

"Umechagua?"

"Nimechagua, mama."

"Umeweka ile yetu?"

"Nimeweka ya hospitali."

Bibi akasema Mungu mkubwa, akaendelea kuvuta mashine. Ilikuwa nafasi ya kusema, ikapita, na zilizofuata zote zikapita kwa mlango ule ule.

Alisoma, akamaliza. Alimaliza mapema kuliko wale wa udaktari, maana kozi yenyewe ni fupi, na mtaa badala ya kushtuka ukamsifu zaidi. "Wenzake bado wanahangaika, yeye kamaliza! Kichwa kile kimeoshwa na nini?" Siku ya mahafali Bibi alivaa viatu vipya vilivyombana akapiga makofi mpaka mikono ikamwasha. Mtangazaji alizungumza kwa Kiingereza, na Bibi Kiingereza anakijua cha kupokea tu, "thenkyu". Lakini Mama yangu alikuwa amekaa pembeni yake na alisikia vizuri kabisa ni kundi gani limeambiwa lisimame, na akamwona mdogo wake anasimama humo.

"Ulifanyaje?" nilimwuliza Mama.

"Nilipiga makofi. Ningefanya nini, nimvue mama yangu nguo katikati ya umati? Kwenye gari nikamkanyaga mguu. Nikamwambia kwa kunong'ona, utasema lini? Akasema nafasi za udaktari zilijaa. Nikamwambia sikukuuliza nafasi gani zilijaa, nimekuuliza utasema lini."

Hakusema. Akapata kazi mji mwingine, akawa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Vidole vyake vina doa la zambarau la ile dawa wanayopaka kwenye vioo ili wadudu waonekane. Kabla ya kupanda gari alivisugua kwa spiriti mpaka ngozi ikababuka. Mwanzoni nilidhani ni usafi.

Na wagonjwa walimsubiri. Ukifika nyumbani kwa Bibi Jumamosi ya mwisho wa mwezi unakuta benchi la wateja wa masweta limechanganyika na watu wenye migongo, wenye kifua, mwenye mtoto asiyelala. Mjomba aliwasikiliza wote amesimama, mikono mfukoni. Kisha aliwaambia neno moja, "Nenda kapime kwanza." Mwenye mgongo, kapime kwanza. Mwenye kifua, kapime kwanza, tena usichelewe. Hakuwahi kumwambia mtu una ugonjwa fulani, hakuwahi kumpa mtu kidonge. Ndipo akapata jina la pili, Daktari Kapime, na watu wakazidi kumwamini. "Huyu ndiye daktari wa kweli," walisema, "hakisii." Yeye alikuwa anasikia hayo amesimama pale, na mimi niliyekuwa mdogo nilimwona anavyoinama, kama dari limeshuka. Nilidhani ni unyenyekevu. Bibi naye alidhani ni unyenyekevu, akawa anausifu.

Bibi ana sukari. Mjomba alimletea kipimo, kile kidogo cha kuchoma kidole. Bibi alijichoma mwenyewe, Mjomba akasoma namba, akaitikia kwa kichwa au akakunja uso. Dawa alimletea kutoka kwa daktari rafiki yake wa kazini. Bibi alizimeza akiamini zimeandikwa na mkono wa mwanawe.

Sasa, mashine ya kufuma ina sindano nyingi, na sindano hukatika. Mwaka ule, shule zinakaribia kufunguliwa na kazi ziko juu, sindano moja ikadondoka na Bibi akaikanyaga. Mtu wa sukari anaweza kukanyaga kitu na mguu usimpe taarifa. Bibi alikuja kuona soksi imelowa. Akavaa soksi nyingine, nene, ya kufuma mwenyewe.

Mama akamwambia, "Mama, kuna zahanati hapo kwenye kona. Twende."

"Niende nikapange foleni kwa watoto wa watu, wakati wangu yupo? Watasema nini? Mama Daktari anatibiwa na nani?"

"Mama, mguu haujui mambo ya majina."

"Mwisho wa mwezi si mbali."

Ulikuwa mbali. Mama alimpigia Mjomba simu, akamwambia mama ana kidonda, kwenye mguu. Mjomba akasema mpelekeni hospitali. Mama akasema hataki, anakusubiri wewe, mwambie mwenyewe kwa nini asikusubiri. Kisha Mjomba akasema, "Nitakuja." Hakuja wiki hiyo. Alikuja mwisho wa mwezi, kama kawaida yake. Hili ndilo lililo gumu zaidi kuandika katika habari zake zote, na yeye ndiye aliyeniambia nisiliruke.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekua, nipo sekondari, namsaidia Bibi kukunja masweta. Karakana imejaa: akina mama na watoto wa kupimwa, na Kinyozi ambaye alikuwa amevuka kuja kuomba maji. Mjomba akaingia na begi lake.

"Karibu Daktari!" wote wakasema.

"Watu wote kimya," Bibi akasema kwa furaha, "leo mgonjwa wa kwanza ni mimi. Nimepanga foleni tangu mwanzo wa mwezi." Akavuta kigoda, akapandisha mguu juu yake, akaivua ile soksi pale pale mbele ya watu. Alitaka waone. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu mahafali.

Harufu ilifika kwetu kabla hatujaona kitu. Mtoto mmoja akajifunika pua kwa sweta jipya, mama yake akamfinya.

Mjomba akapiga hatua mbele. Akanyoosha mkono. Ulifika karibu na mguu ukasimama, vidole vimetanuka, kama mtu anayeota moto. Kisha uso wake ukageukia ukuta, kwenye kalenda ya mwaka uliopita, akabaki anaisoma.

"Daktari?" Bibi akasema. "Tazama basi."

Mama mmoja kwenye benchi akatania, "Atakwambia kapime kwanza!" Watu wakacheka. Bibi naye akacheka.

"Mama, twende hospitali," Mjomba akaiambia kalenda.

"Hospitali si ndiyo hii imekuja yenyewe?"

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini, baba?"

"Mimi si daktari."

Kinyozi aliweka kikombe cha maji chini polepole sana.

"Mimi napima," Mjomba akasema. "Damu, mkojo, makohozi. Naandika majibu, anapewa daktari. Sijawahi kutibu mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Nilichagua mwenyewe. Muulize—" akamwangalia Kinyozi, akaacha.

Nilimtazama Bibi. Nilitegemea atalia, au atamrushia kigoda. Macho yake yalizunguka benchi lile, mtu mmoja mmoja, kama anahesabu waliosikia.

"Shusha sauti," akamwambia mwanawe. "Kuna wateja."

Akavaa soksi. Akamwita mtoto ambaye ilikuwa zamu yake, akatandaza tepu ya kupimia kwenye mkono wake, akasema, "Huyu anakua, mikono tuiongeze." Kisha akapima tena mkono ule ule, na mara nyingine tena, mtoto amenyoosha mkono haelewi, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kumwambia Bibi kwamba kuna mkono wa pili.

Alikubali kwenda hospitali, kwa sharti moja: isiwe ya pale, isiwe anakofanya kazi Mjomba, iwe mahali ambapo hakuna anayetujua. Tulikwenda sote wanne. Daktari alikuwa msichana, labda wa umri wa Mjomba siku alipomaliza chuo. Alivaa glavu, akaushika mguu wa Bibi kwa mikono miwili, akausogeza karibu na uso wake akautazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni.

"Bibi, mbona mmechelewa hivi?" daktari akauliza.

"Nilikuwa namsubiri daktari wangu."

"Daktari gani huyo?"

Bibi akatazama sakafu. "Alikuwa safarini," akasema.

Alikatwa vidole viwili. Tungemleta kidonda kilipoanza, daktari alisema, wangesafisha tu. Hakusema kwa hasira, na Mjomba alisema afadhali angesema kwa hasira.

Baada ya hapo mtaa haukujua umwiteje Bibi. Hilo nililiona wazi kila nilipokuwa dukani kwake: mtu anakuja, anafungua mdomo, anakohoa kwanza, halafu anasema, "Ee... mama, habari za kazi." Kinyozi ndiye aliyeteseka zaidi. Alizoea kumpigia kelele kutoka ng'ambo kila asubuhi, sasa alipunga tu taulo. Watoto hawana kikohozi cha adabu, wao walimtungia Mjomba wimbo wa vikopo na mkojo, na shuleni mimi niliimbiwa ubeti wangu. Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Mama alitaka fundi wa rangi aitwe afute lile bango. Bibi akakataa.

"Liache. Nikilifuta watauliza, nikiliacha watazoea."

Mjomba alikaa miezi bila kuja. Vipimo vya sukari alituma kwa Mama. Alipokuja, Bibi alimkaribisha kwa adabu kubwa. Alimpa chai kwenye kikombe cha wageni, kile chenye kisahani, akamwuliza habari za safari, akamwambia asante kwa kuja. Mjomba alikunywa akiwa amekaa ukingoni mwa kiti. Alipoondoka, aliniambia barabarani, "Angenitukana, ningelala vizuri." Kidonda cha Bibi kilikuwa kinafungwa kila siku, na aliyekuwa anakifunga ni Mama. Mjomba siku akiwepo alishika beseni la maji. Alilishika vizuri, halikutikisika, na alitazama ukuta.

Mwaka huu ni zamu yangu. Nipo kidato cha mwisho, na mitihani ya majaribio nimefanya vizuri, hasa biolojia na kemia. Juzi mteja mmoja wa Bibi, mgeni mtaani, aliyasikia haya akampigapiga Mama mgongoni.

"Hongera, Mama Daktari!"

Mama hakuitika. Nyumbani kwetu kutoitika salamu ni kama kuvunja sahani. Alimgeukia yule mama, akasema taratibu, "Niite jina langu nililopewa na wazazi wangu. Mtoto hajachagua." Bibi alikuwa kwenye mashine. Mkono wake ulisimama katikati ya mstari, kisha ukaendelea.

Mwalimu anataka tulete machaguo yetu baada ya likizo. Udaktari nautaka. Nautaka mpaka najiogopa, kwa sababu sijui kama naipenda kazi yake au naupenda mlio wake. Mama akasema, "Kamwone mjomba wako. Huyo ndiye aliyewahi kufika kwenye hiyo njia panda."

Nikaenda. Maabara ni ile ile, kiti cha kuzunguka ni kile kile, miguu sasa inafika chini. Mjomba ameanza mvi juu ya masikio. Mikono iliendelea kuingia dirishani na kutoka. Nilisubiri mpaka akavua glavu, nikamwambia kuna jambo nilimwuliza zamani akanipa biskuti. Nikamwambia alimwambia Kinyozi anaogopa damu, na akamwambia Mama nafasi zilijaa, na kwamba Bibi hakuambiwa kitu. Nikamwuliza tena, kwa nini hawagusi watu.

Alitazama vidole vyake vya zambarau. Nilidhani ataniambia tena nile biskuti.

"Babu yako alipougua," akasema, "mimi nilikuwa kama wewe sasa, labda mdogo kidogo. Mama bado hajanunua mashine yake, kutwa yuko mjini kwenye mashine za watu, dada ameolewa, nikitoka shule nakaa naye mimi. Alikuwa hawezi kujigeuza. Mgongo wake ulikuwa umefanya vidonda. Siku moja akaniita, 'Mwanangu, njoo unigeuze.' Nikafika mpaka mlangoni. Nikasikia ile harufu. Nikarudisha mlango, nikasimama nyuma yake, nimeshika kitasa. Akaita tena. Sikuitika. Nikajifanya sipo. Aliita, mpwa wangu, aliita mpaka sauti ikaisha, na mimi nipo pale, hatua moja, mzima, nina mikono miwili. Damu haijawahi kunisumbua, damu haimwiti mtu jina. Mama aliporudi akanikuta barazani na kitabu, akaingia, akaona hali aliyokuwa nayo baba, akatoka anataka kunipiga. Na ule mlango wetu haukufika chini, ulikuwa na mwanya. Muda wote ule baba alikuwa anaiona miguu yangu. Nikamsikia anamwambia mama, 'Usimgombeze. Alikuwa anasoma.' Mama akamwamini. Kuanzia hapo ndipo alipoanza kuwaambia watu mwanangu anasoma sana, huyu atakuja kuwa daktari."